Jibu Lisilo Sahihi Nalo Lina Kisa

Nilipokuwa nikifundisha hisabati katika darasa la nane, nilikuwa na mazoea ambayo leo ninayaonea haya. Baada ya kila jaribio nilisoma majibu kwa herufi tu: la kwanza B, la pili D, la tatu A. Wanafunzi walisahihishiana, wakajumlisha alama, nasi tukafunga ukurasa. Aliyekosa alijua kwamba amekosa. Kwa nini amekosa, hakujua yeye wala mimi.

Siku moja niliuliza jumla ya 1/2 na 1/3. Majibu ya kuchagua yalikuwa 2/5, 1/6, 5/6 na 1/5. Msichana mmoja mwenye bidii alichagua 2/5. Nilimwita anieleze.

"Mwalimu, moja na moja ni mbili, mbili na tatu ni tano," akajibu bila kusita.

Kumbe hakuwa amebahatisha! Alikuwa na kanuni yake, ila ilikuwa potovu. Jirani yake aliyechagua 1/6 alikuwa amezidisha badala ya kujumlisha. Wote wawili walipata sufuri, lakini maradhi yao hayakuwa mamoja, na dawa moja isingewafaa.

Mtihani wa KCPE, ulioanza mwaka wa 1985 na kukoma 2023, ulitulea katika mazoea hayo. Hata hivyo, maswali ya kuchagua hayakuzikwa nao. Yamo pia katika KPSEA, unaofanywa na Gredi ya 6 tangu 2022.

Alama peke yake si shahidi wa kutegemewa. Katika maswali 50 yenye majibu manne kila moja, anayebahatisha yote huweza kutarajia kupata kama 12 hivi. Hizo si maarifa, ni bahati.

Kwa hivyo, ewe mwanafunzi, funika majibu kwa kiganja, fanya hesabu yako kwanza, ndipo ufunue. Mtahini stadi huyatunga majibu ya uongo kutokana na makosa yanayofanywa mara kwa mara. Ukiyatazama mapema, yatakuvuta. Ukikwama, ondoa yale unayojua hayawezekani, kisha uchague katika yaliyobaki.

Nanyi walimu wenzangu, msiishie kwenye herufi. Mwulizeni aliyekosa alifikaje hapo. Sisi ndio tuwaambiao watoto kila siku kwamba kuuliza si ujinga.