Si Lazima Uandike Novemba

Mwaka 1999, Chris Baty wa San Francisco aliwaalika marafiki zake wajaribu kuandika riwaya nzima kwa mwezi mmoja. Walikuwa watu 21, na mwezi wenyewe ulikuwa Julai. Mwaka uliofuata waliuhamishia mpango huo Novemba kwa sababu nyepesi kabisa: huko kwao hali ya hewa ya Novemba ni mbaya, hakuna anayetamani kutoka, basi heri watu wakae ndani waandike. Ndivyo maneno 50,000 kwa siku 30 yalivyokuwa desturi ya waandishi wasiolipwa katika nchi nyingi. Shirika lililousimamia mpango huo, NaNoWriMo, lilitangaza mwaka 2025 kwamba linafunga milango, lakini desturi imebaki mikononi mwa watu wenyewe.

Kwetu Novemba ni mwezi wa vuli na wa mitihani. Tanzania na Kenya, watahiniwa wa sekondari wako kwenye vyumba vya mtihani, na mwalimu anayependa kuandika hadithi usiku anarudi nyumbani amechoka. Anaanza tarehe 1 kwa furaha, ifikapo tarehe 9 amekwama, halafu anajiona mvivu. Kazi yangu ni kuhariri miswada, na hukumu hiyo ya watu juu ya nafsi zao naisikia mara nyingi mno. Mara nyingi si haki. Mtu huyo alivaa ratiba iliyokatwa kwa kipimo cha mwingine.

Kwa hiyo kabla hujahesabu maneno, hesabu miezi. Chukua kalenda ya mwaka mzima uweke alama kwenye kila kipindi ambacho si chako: mitihani kwa mwalimu, Juni kwa mhasibu anayefunga mwaka wa fedha, masika kwa anayelima, Ramadhani kwa anayefunga. Ramadhani hutangulia kwa takriban siku 11 kila mwaka kwenye kalenda ya miladia, hivyo mpango wa mwaka jana haufai kunakiliwa. Kinachobaki bila alama ndicho kipindi chako cha kuandika. Kikiangukia Agosti, andika Agosti.

Idadi ya maneno nayo ipimwe upya. 50,000 kwa siku 30 ni maneno 1,667 kwa siku, na kipimo hicho kiliwekwa na watu wanaoandika Kiingereza. Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja. Riwaya ya Kiswahili yenye maneno 50,000 kwa kawaida ina mambo mengi kuliko ya Kiingereza yenye idadi hiyo hiyo, na mwandishi wake amefanya kazi kubwa zaidi. Ukijiwekea 35,000 hujajipendelea.

Hayo ni kwa mwezi unaojichagulia mwenyewe. Shindano lenye tarehe ya mwisho halikupi nafasi hiyo. Waandishi wa Kiswahili sasa wana mashindano ya kuyasubiri: tuzo iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu iliyotolewa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023, na mengine madogo. Tarehe ya kufunga ikishatangazwa, mwandishi huhesabu miezi iliyobaki, akaona mitatu, akasema inatosha.

Hapo ndipo tunapojidanganya, na udanganyifu huu umechunguzwa vizuri. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliueleza mwaka 1979: mtu anayekadiria muda wa kazi yake huitazama kazi ikienda sawa tu, wala hakumbuki kazi zake zilizopita zilivyochelewa. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanafunzi waliokuwa wakimalizia tasnifu zao. Kwa wastani wanafunzi hao walikadiria siku 34. Walipoambiwa wakadirie kana kwamba kila kitu kitaharibika, walisema siku 49. Kazi ilichukua siku 55. Hata hofu yao ilikuwa na matumaini kupita kiasi.

Dawa ninayoiamini ni daftari. Anthony Trollope alikuwa mtumishi wa Posta ya Uingereza, na aliandika riwaya 47. Alianza saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa iko mezani mbele yake, akijidai maneno 250 kwa kila robo saa. Kasi hiyo siwatakii wasomaji wangu. Cha kujifunza kwake ni kwamba kila siku aliandika daftarini amemaliza kurasa ngapi, na siku alizolala zilibaki pale zikimtazama. Fanya hivyo kwa wiki mbili kabla ya shindano: tarehe, muda uliokaa, maneno uliyopata. Ukiona kwamba jioni ya kawaida, pamoja na foleni, watoto na umeme unaokatika, inakupa maneno 400, basi hicho ndicho kipimo. Panga kwa 400, usipange kwa yale 1,200 ya Jumapili moja nzuri.

Kisha tarehe ya mwisho ikatwe vipande. Mwaka 2002 Dan Ariely na Klaus Wertenbroch waliwapa watu maandishi matatu wayasahihishe kwa wiki tatu. Kundi moja lilirudisha andiko moja kila wiki, la pili likarudisha yote mwishoni, la tatu likajipangia tarehe lenyewe. Waliogundua makosa mengi zaidi, na waliochelewa kidogo zaidi, ni wale wa kila wiki. Waliojipangia walifuata. Walioachiwa mwisho mmoja tu walikuwa nyuma ya wote. Nami nashauri tarehe hizo za kati zishikwe na mtu mwingine: dada, rafiki, mwenzako wa kazini anayengoja sura ya tatu Ijumaa jioni na atakayekuuliza iko wapi.

Na vipande hivyo visiwe vya kuandika tu. Miswada ninayoiona ikikosa tarehe mara nyingi ina rasimu iliyokamilika. Kilichosahaulika ni kuiacha ipoe siku kadhaa, kuisoma kwa sauti, kumpa msomaji wa kwanza na kumngoja, kusahihisha, kupanga kurasa kama masharti yanavyotaka, kuondoa jina pale linapokatazwa, kujaza fomu, kupiga picha kitambulisho, kutuma. Theluthi nzima ya muda iwekewe mambo haya. Masharti yasomwe siku ya kwanza, na muswada utumwe siku tatu kabla, maana intaneti huzidiwa usiku ule ule ambao kila mtu anatuma.

Wanaofuata changamoto zaidi ya moja waangalie zinavyopakana. Inktober, ya Jake Parker tangu 2009, inataka mchoro wa wino kila siku ya Oktoba, michoro 31, na kesho yake Novemba inaanza. Ukizipenda zote mbili, chagua moja ya kufuata kikamilifu. Nyingine ifanywe Jumamosi tu.

Ukibaki nyuma, usijaribu kulipa deni lote usiku mmoja. Hesabu upya kwa kilichobaki. Mwisho wa siku ya 12 una maneno 11,000: ili ufike 50,000 unahitaji 2,167 kwa kila moja ya siku 18 zilizosalia. Daftari lako linasema hujawahi kuyafikia. Shusha lengo liwe 35,000 na hitaji linakuwa 1,333. Likiwa bado kubwa, shusha tena, au sogeza mwezi mbele, umwarifu yule anayengoja sura ya tatu kwamba ataipata Jumanne.