Kijana Anaponyamaza Nyumbani

Katika ziara zetu vigangoni tunaulizwa mara nyingi: mpwa wetu ameacha kwaya, halali usiku, chakula hakipiti, tumwombee au tumpeleke hospitali? Tunajibu: yote mawili. Hali hiyo ikidumu wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, huenda ni sonona, nayo ni ugonjwa, siyo uvivu wala upungufu wa imani.

Tusome 1 Wafalme 19. Eliya alilala chini ya mretemu baada ya kuomba afe. Malaika hakumkemea, alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamlisha tena. Mazungumzo yalikuja baadaye, kule Horebu. Nasi tuanze hivyo: uji, kukaa naye, sala fupi kama anaikubali. Mkesha na mfungo (tunajua wengine hawatapenda kusikia) haumfai mtu ambaye tayari halali wala hali.

Tumwulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikubali kwamba anawaza, asiachwe peke yake, dawa za wadudu na kamba ziondolewe, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Akiandikiwa dawa, nafuu huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo nauli ya kurudi kliniki ipangwe mapema. Hapo ndipo mfuko wa parokia unapohitajika.