Wi-Fi ya gesti: Mgeni apewe intaneti, asipewe ofisi

Singida mjini ni njia panda. Barabara ya Dodoma kwenda Mwanza inapita hapo, na ile ya Babati hadi Arusha inaanzia hapo hapo. Ndiyo maana gesti za mji huo hazikosi wageni wa usiku mmoja: madereva, wafanyabiashara wa alizeti na kuku, watumishi walio safarini.

Mgeni akishapokea ufunguo wa chumba, swali linalofuata linajulikana: "Pasiwedi ya Wi-Fi ni ipi?" Mara nyingi jibu limebandikwa ukutani. Kuibandika si kosa. Kosa ni pale pasiwedi hiyo hiyo inapotumiwa pia na kompyuta ya mapokezi, printa na kamera za ulinzi.

Shida iko wapi?

Ruta ikiachwa kama ilivyotoka dukani, kila aliyeingia kwa pasiwedi ile huhesabiwa kuwa mtu wa nyumbani. Simu ya mgeni wa chumba namba 7 inaweza kuifikia kompyuta ya ofisi. Zipo programu za bure za simu zinazoorodhesha vifaa vyote vilivyounganishwa. Kamera ikiwa bado na pasiwedi ya kiwandani, mgeni anaweza kuangalia picha zake akiwa kitandani.

Na si lazima mgeni awe mwizi. Laptop yake ikiwa na virusi inatosha. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifika nchi zaidi ya 150. Kikishaingia kompyuta moja, kilijitafutia nyingine kwenye mtandao huo huo ambazo Windows yake haijasasishwa, kikafunga mafaili na kudai malipo.

Kompyuta ya mapokezi ndiyo inayobeba majina, namba za simu na za vitambulisho vya wageni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde.

Gawa mtandao mara mbili

Mgeni hukaribishwa sebuleni, hapewi funguo za chumbani. Kwenye Wi-Fi ni vivyo hivyo. Ruta nyingi za sasa zinaweza kurusha majina mawili ya mtandao: moja la ofisi, jingine la wageni, kila moja na pasiwedi yake.

Ingia kwenye mipangilio ya ruta, tafuta palipoandikwa "Guest Network", uwashe. Kisha hakikisha mambo mawili yamezimwa: ruhusa ya wageni kufikia vifaa vya ndani, na ruhusa ya wageni kuonana wao kwa wao. Hilo la pili linamlinda mgeni dhidi ya mgeni mwenzake. Ukiwa humo humo, badilisha na pasiwedi ya ruta yenyewe.

Tahadhari kwa gesti zilizofunga vifaa vya ziada vya Wi-Fi kwenye korido: majina mawili pekee hayatoshi. Mara nyingi mawasiliano ya majina yote hurudi kwenye waya mmoja na kuchanganyika tena. Hapo inahitajika VLAN, yaani kila mawasiliano hupewa alama ya kundi lake ili ya wageni na ya ofisi yasikutane ingawa yanapita waya mmoja. Ruta, swichi na vifaa vya korido vyote lazima viielewe alama hiyo. Muulize fundi kabla ya kununua.

Kuchuja je?

Kuchuja kunafuata baada ya kugawa. Njia rahisi ni kubadilisha DNS ya mtandao wa wageni. Kwa mfano, huduma ya bure ya Cloudflare yenye namba 1.1.1.3 huzuia tovuti zenye virusi na za ngono. Si ukuta wa chuma: mwenye VPN ataruka. Ruta ikiwezesha, weka pia kikomo cha spidi, mgeni mmoja anayeshusha filamu asimalize bando la nyumba nzima.

Usitegemee kuzuia simu kwa namba yake ya MAC. Tangu Android 10, simu nyingi hujipa namba ya kubuni kwa kila mtandao, na namba hiyo inaweza kubadilishwa.

Jipime kwa dakika mbili

Unganisha simu yako kwenye Wi-Fi ya wageni. Fungua kivinjari, andika anwani ya kamera au printa ya ofisi, ile inayoanza kwa mfano na 192.168. Ukurasa ukigoma kufunguka na intaneti ikaendelea kufanya kazi, uzio upo. Ukifunguka, fahamu kwamba kila mgeni anaweza kuufungua pia. Rudia jaribio hilo kila fundi anapogusa ruta.