Kabla Hujatuma Pesa ya Boti: Jinsi ya Kuchagua Mahali pa Snokeli na Kuzamia Pwani

Likizo ikikaribia, magrupu ya WhatsApp huanza kuchangamka. Nani anaenda Pwani, nani ameshalipa, nani anangoja mshahara uingie. Halafu mtu anatuma picha ya boti, samaki wa rangi zote, bei na nambari ya simu. Chini imeandikwa: "Tuma nusu leo ushikiwe nafasi."

Ngoja kidogo. Safari ya kuona matumbawe si kama tikiti ya basi. Basi litakufikisha Mombasa hata kama kiti ni kibaya. Lakini ukiingia baharini msimu mbaya, saa mbaya, au mahali pasipokufaa, unaweza kuona maji ya kahawia tu na pesa imeshaenda. Kwa hivyo jibu maswali manne kwanza, kisha ndio ushike simu ulipe.

1. Unataka kubaki juu ya maji au kushuka chini?

Snokeli ni miwani ya maji na mrija wa kupumulia. Unaelea juu, unaangalia chini. Huhitaji cheti, na hata kama kuogelea si kipaji chako, unaweza kuvaa jaketi la kuokolea na kukaa karibu na mwongozaji. Kama maji yanakutisha kabisa, uliza boti yenye sakafu ya kioo. Utaona samaki bila kulowa.

Skuba ni kuzamia na mtungi wa hewa mgongoni. Asiye na cheti anaweza kujaribu akiwa na mwalimu, lakini hapaswi kupita mita 12. Cheti cha kwanza kwa kawaida kinakufikisha mita 18. Kushuka hadi mita 30 kunahitaji mafunzo zaidi. Kituo makini kitakupa fomu ya afya ujaze kabla ya kuingia majini. Kama una pumu au shida ya moyo, ongea na daktari kabla ya kulipa, si baada.

2. Kituo gani kinakufaa?

*Watamu.* Hapa ni pazuri kwa familia na wanaoanza. Matumbawe yako karibu na ufuo na maji si ya kina kirefu. Hifadhi ya bahari ya Watamu, pamoja na ya Malindi, ilitangazwa mwaka 1968, na hizi ni miongoni mwa hifadhi za kwanza za baharini barani Afrika. Wazamiaji wenye cheti nao hawakosi kitu: kwenye mdomo wa ghuba ya Mida kuna mapango yanayojulikana kwa tewa wakubwa.

*Malindi.* Samaki wapo na mji uko karibu, lakini kumbuka Mto Sabaki. Mto huu unaingia baharini kaskazini mwa mji ukibeba udongo kutoka bara. Mvua ikinyesha huko juu, maji ya Malindi huchafuka. Uliza hali ya maji wiki hiyo hiyo unayoenda.

*Mombasa (Nyali, Bamburi, Shanzu).* Kama una siku moja tu, au meli yako ya kitalii imetia nanga Mombasa na lazima urudi jioni, usihangaike kwenda mbali. Hifadhi ya Mombasa iko mbele ya hoteli zenyewe. Kwa wazamiaji wenye uzoefu, kuna MV Dania, meli iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 ili iwe makao ya samaki. Iko karibu mita 30 chini, kwa hivyo si ya mtu wa mara ya kwanza.

*Kisite-Mpunguti.* Iko kusini kabisa, karibu na mpaka wa Tanzania. Boti zinaondoka Shimoni. Ukitaka siku nzima ya bahari, snokeli kwenye maji safi, nafasi ya kuona pomboo, halafu chakula cha mchana kisiwani Wasini, hapa ndipo. Lakini safari ya boti ni ndefu kuliko Watamu. Kama tumbo lako halipatani na mawimbi, au una mtoto mdogo sana, fikiria mara mbili.

Usichague kwa picha peke yake. Mwaka 1998 joto la bahari liliua matumbawe mengi Pwani yetu, na vipindi vya joto vimerudi tangu hapo. Picha inaweza kuwa ya miaka mingi nyuma. Omba video ya mwezi huu.

3. Bahari ikoje siku hiyo?

Kwa jumla, Oktoba hadi Machi ndio wakati mzuri. Upepo wa kaskazi huwa mpole na maji huonekana vizuri. Aprili na Mei ni mvua ndefu. Juni hadi Agosti kusi inavuma, mawimbi yanapanda, na baadhi ya vituo vya kuzamia hufunga. Bei ikishuka sana Juni, sasa unajua kwa nini.

Kisha kuna kupwa na kujaa. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mpya na mwezi mpevu, bahari inaweza kupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Maji yanapotoka kwa kasi kupitia milango ya mwamba, mkondo unavuta. Wakati wa maji mafu, mambo huwa tulivu zaidi. Muulize nahodha: "Siku hiyo tutatoka saa ngapi, na kwa nini saa hiyo?" Anayejua kazi atakujibu kwa kutaja maji. Akisema "saa yoyote ni sawa", endelea kutafuta.

4. Unarudi nyumbani lini?

Hili watu wengi wa bara hawalijui. Ukizamia na mtungi, nitrojeni hubaki mwilini kwa muda. Ukipanda juu mapema, inaweza kutengeneza mapovu na kukuletea ugonjwa hatari. Ushauri wa kawaida ni kungoja angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na saa 18 kama umezamia mara kadhaa, kabla ya kupanda ndege.

Na si ndege tu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Basi na SGR pia zinakupandisha. Kwa hivyo usilipie skuba ya asubuhi na treni ya mchana siku hiyo hiyo. Weka kuzamia siku za mwanzo, na siku ya mwisho iwe ya ufuo na viazi karai. Snokeli ya kuelea juu haina shida hii.

Sasa tulipe, lakini kwa akili

- Uliza bei ina nini ndani. Boti, vifaa, mwongozaji, chakula, na ada ya hifadhi. Ada hulipwa kwa KWS, na raia, mkazi na mgeni hawalipi sawa. Beba kitambulisho.
- Ada ya hifadhi lipa mwenyewe kupitia eCitizen. Paybill ya serikali ni 222222, na nambari ya akaunti ni ile unayopewa na eCitizen. Kama mwenye boti anakulipia, dai risiti.
- Boti lipa kwa Till au Paybill ya biashara. Soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kukamilisha. Jina halifanani na la kampuni? Simama, piga simu, uliza.
- Makubaliano yaandikwe kabla ya pesa kutoka. Tarehe, idadi ya watu, na hasa: bahari ikichafuka, mnarudishiwa pesa au mnabadilishiwa siku?
- Toa kiasi kidogo cha awali. Salio lipa ukiwa umeona boti na umehesabu jaketi. Watu kumi, jaketi kumi.
- Maliza malipo ukiwa nchi kavu. Mtandao baharini hauaminiki, na simu na maji ya chumvi si marafiki.
- Umekosea nambari? Wasiliana na huduma kwa wateja papo hapo. Mpokeaji akishatoa pesa, kuirudisha ni kazi ngumu. Na PIN yako usimpe mtu yeyote, hata anayedai anakusaidia.

Ukiwa majini, usikanyage matumbawe wala kubeba kombe la ukumbusho. Matumbawe ni viumbe hai, na ndani ya hifadhi kuyachukua ni kosa kisheria.

Hifadhi makala hii, itume kwenye grupu la safari, na muulizane yale maswali manne kabla mtu hajatuma hata shilingi.