Mbwa wa ghala akinuka na kupukutika mba, weka oili chafu kando

Kwa mfanyabiashara mwenye ghala la nafaka Busia au Namanga, mbwa ni mlinzi asiyedai mshahara. Akianza kunuka, manyoya yakashikana kwa mafuta na mba ikapukutika mgongoni, wapo wanaokimbilia dawa ya bei rahisi: oili chafu ya gari.

Hapo ndipo hasara inapoanzia. Mbwa hujilamba. Oili iliyotumika ina sumu. Humuunguza ngozi, kisha humwingia tumboni. Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo, ikipakwa bila kupimwa, inaweza kumuua.

Madaktari wa mifugo huiita hali hiyo seborea. Ngozi ya mbwa mwenye afya hujibadilisha kwa takriban wiki tatu. Kwa mgonjwa, seli huzaliana na kupukutika upesi mno, huku vitezi vya mafuta vikizidisha kazi. Wengine hukauka na kujaa mba, wengine hulowa mafuta yenye harufu, hasa masikioni, makwapani na chini ya shingo.

Wachache huzaliwa nayo, wakiwamo baadhi ya Cocker Spaniel na Basset Hound. Kwa walio wengi ni ishara ya tatizo jingine: viroboto, upele, fangasi, mzio, au upungufu wa homoni za tezi ya shingo. Ukimwogesha tu bila kutibu chanzo, mba itarudi.

Daktari hukwangua ngozi kidogo na kuitazama kwa darubini. Ni kazi ndogo, lakini ina maana kubwa, kwani kuna upele wa mbwa unaowapata hata watu. Mlinzi na wapakiaji wakianza kujikuna pamoja na mbwa, asingojewe tena.

Shampuu yenye salfa na asidi ya salisiliki husaidia kuondoa mba. Yenye benzoili peroksaidi hukata mafuta. Povu liachwe kama dakika 10 kabla ya kusuuza. Wengi husuuza papo hapo, kisha hulaumu dawa.

Anayenunua mtoto wa German Shepherd ng'ambo ya mpaka naye apanue manyoya na kunusa masikio kabla ya kulipa. Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa hakisemi lolote kuhusu ngozi. Mbwa anayejikuna mbele ya mkaguzi wa mifugo anaweza kuzuiwa kuvuka, na wakati huo fedha zimeshabaki kwa muuzaji.