Majimbi kwa Maji ya Udhu

Sisi watu wa pwani jimbi tunalijua katika futari, limeungwa kwa tui zito. Nairobi huliita nduma, nao hulila asubuhi kwa chai. Lakini kulikuta limestawi mlangoni mwa chumba kimoja huko Soweto West, Kibera, ambako maji hununuliwa kwa mtungi, kulitushangaza, kwani jimbi ni mmea wa bondeni usiostahimili kiu.

Mama mwenye chumba alituonyesha siri yake, nayo ni beseni. Watu watano wa nyumba hiyo hutawadha juu yake, kisha maji humiminwa katika ndoo tatu kuukuu za lita 20. Kila ndoo imetobolewa ubavuni, kiasi cha shubiri kutoka chini, ili maji yabaki kitakoni. Ndani mna udongo na samadi ya mbuzi iliyooza vyema. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, maji yaliyotumika katika udhu wa faradhi ni tohara, ijapokuwa hayatoharishi tena. Kuyamwagilia mmea hakuna ubaya.

Jirani alimshauri achote maji ya mtaro, yeye akasita, akatuuliza. Tulimjibu kwamba wanazuoni wengi hawaharimishi mmea uliokulia katika najisi, huoshwa ukaliwa. Wahanbali ndio waliokaza. Lakini mitaro ya mjini hubeba pia madini kama risasi, na mmea huyanyonya. Hayo hayatoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha. Basi abaki na beseni lake.

Jimbi huchukua miezi 6 hadi 9 hivi. Dalili ya kukomaa ni majani mapya kuwa madogo na ya zamani kugeuka manjano. Ukishalichimba, kata kichwa pamoja na kipande cha vikonyo, ukipande tena siku hiyo hiyo.

Enyi akina mama, lichemsheni mpaka lilainike kabisa, kwani likiwa bichi lina chembe kali za oksaleti ziwashazo kinywa. Sisi tuliwahi kula lililoiva nusu, tukaenda kuswalisha Isha koo likituwasha. Kisomo kilikuwa kifupi mno usiku ule, na maamuma hawakulalamika.

Ndoo mbili zimekwisha kuvunwa. Ya tatu mama ameipanda kwa hesabu ya miezi, ipate kuiva Ramadhani.