Kabla Hujabonyeza "Tuma": Hiyo Malighafi Imetoka Wapi?

Una bekari Kakuma? Unachoma vyuma Lodwar? Uko kwenye kikundi cha akina mama wanaosuka vikapu? Basi wewe pia una kiwanda, hata kama ni kibanda cha mabati. Na kila wiki unafanya kazi ambayo kampuni kubwa zimeitengea idara nzima: kununua malighafi.

Wengi wetu tukinunua huuliza swali moja tu: ni pesa ngapi? Leo tunakuomba uongeze la pili: imetoka wapi?

Kuni na mkaa

Sokoni magunia yanafanana, lakini miti haifanani. Mgunga wa kando ya mto Turkwel au Tarach huchukua miaka mingi kukua. Maganda yake hulisha mbuzi wakati wa kiangazi, na kwa desturi ya ekwar, miti ya kando ya mto ina familia inayoitunza. Ukipata mkaa wake kwa bei poa, jua kuna mtu mwingine amelipia, na pengine hakuulizwa.

Mathenge ni hadithi nyingine. Uliletwa kuzuia jangwa, sasa umeziba malisho. Kule Baringo, jamii ya Ilchamus iliishtaki serikali mwaka 2006 kwa sababu ya mti huo, na mbuzi aliyeharibika meno akawa sehemu ya ushahidi! Uzuri wake ni kwamba ukikatwa unachipuka tena. Kwa tanuri la mikate, huo ndio wa kuagiza.

Majani ya mkoma

Wasusi hutaka majani machanga, yale ya katikati. Shida ni kwamba mkoma hukua kutoka kwenye kile kichipukizi cha juu. Kikikatwa chote, tawi hilo limekwisha. Mkusanyaji anayeacha majani mengine atakuletea mzigo mdogo leo, lakini mwaka ujao bado atakuwa na cha kukuletea.

Simu yako ni daftari

1. Agiza kwa SMS kabla ya kulipa. Andika wazi: "Mathenge pekee, magunia matano." Baadaye hakuna kubishana.
2. Lipa kianzio kidogo. Baki itume ukishaona mzigo. Kama ni mkaa, uliza pia kibali cha kuusafirisha.
3. Mlipe mkusanyaji mwenyewe, ikiwezekana. Pesa ikimfikia moja kwa moja, halazimiki kukata mingi ili apate kidogo.
4. Usifute ujumbe wa malipo. Una jina, tarehe na kiasi. Kwenye daftari ongeza mambo mawili: umenunua nini, na imetoka wapi.

Tuseme ukweli: ujumbe wa malipo hauonyeshi mti ulikatwa wapi. Lakini unaonyesha ulinunua kwa nani na lini, na huyo mtu unaweza kumrudia umuulize. Mnunuzi wa vikapu kutoka Nairobi au ng'ambo akitaka kujua majani yametoka wapi, hutaanza kukuna kichwa.

Wiki hii jaribu na muuzaji mmoja tu. Muulize, andika, kisha ndio uweke PIN. Mwezi ukiisha, fungua hilo daftari uone ni nani amekuwa akikujibu vizuri. Huyo ndiye wa kuongezewa oda.